Samaki Anayeokotwa

Jumanne, tarehe 7

Dada,

Mpaka sasa hawajanirudishia kandambili zangu. Mama mdogo anasema kaziosha, zinakauka. Kandambili za mpira, dada, zinakauka tangu Jumapili. Shati nalo hivyo hivyo. Niko na vesti lile lenye tundu ubavuni, nyuma ya duka, kwenye chumba cha makreti. Kazi naletewa humuhumu. Samaki wanaingia na magamba, wanatoka bila magamba, mimi sitoki.

Shikamoo lakini. Nimesahau kuanza nayo.

Najua ulipiga simu. Ililia mezani pa kukatia, Meneja akaipokea, akasema, "Amelala, dada. Si unamjua." Mimi nilikuwa pale pale, kisu mkononi. Akaniangalia machoni huku anakwambia nimelala. Kisha akaweka simu mfukoni, karibu na ile kalamu yake. Tangu uolewe amekuwa Meneja kweli, siyo ule utani wetu wa zamani wa kumcheka kwa kuvaa kalamu asiyoiandikia. Baba mdogo kifua kinamsumbua, kamwachia mwanawe duka lote. Mpaka leseni sasa ina jina la Meneja.

Habari yenyewe ni hii. Yule Fundi wa cherehani wa ng'ambo ya barabara, aliyekushonea gauni la harusi, anaumwa. Yeye na binti yake. Jumapili walinunua samaki kwetu, jioni wakaanza kutapika. Fundi kapata nafuu kidogo, mtoto kalazwa. Duka lao limefungwa. Kuna gauni limebaki nusu kwenye cherehani, nikifika pazia la dukani naliona kupitia dirisha lao, mkono mmoja umeshonwa, mwingine haupo.

Samaki walikuwa pono. Umeme ulikatika Alhamisi, ukarudi Jumamosi. Jenereta haikuwashwa. Watu wanauliza nani alikuwa zamu ya kuwasha jenereta. Hapa nyumbani jibu lipo tayari, wanasema ni mimi. Wanasema nililala.

Wewe unasemaje?

Mlango wa kutokea ni mmoja tu, unapitia dukani, na Baba mdogo amehamishia kiti chake pale kizingitini. Hanifukuzi wala hanizuii. Anakaa tu. Nikijisogeza ananiuliza, "Unataka nini mwanangu?" Nami nasema sitaki kitu. Unajua mimi siwezi kumpita.

Barua hii naitia mkononi mwa dereva wa gari la barafu. Anasema anapita karibu na kwenu kila siku, kiwanda chao cha barafu kiko jirani na hapo unapofulia.

Mdogo wako,
Pono


Jumatano, tarehe 8

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika imelowa, nikaianika kwenye kamba ya dobi kati ya mashuka ya wageni, watu wakadhani nimepata barua ya mapenzi.

Unaniuliza mimi nasemaje? Nasemaje nini? Kwani hukulala? Tangu lini ukaacha kulala? Siku ya harusi yangu ulilala kwenye mkeka wa wageni, watu wakawa wanakuruka na sahani mkononi. Mama mkwe wangu alidhani umezimia. Leo unaniuliza kama mtu asiyejijua!

Hasira imenipanda na huruma pia. Mtoto wa watu kalazwa. Yule binti nilimbeba mimi akiwa na miezi, mama yake akinipima kiuno. Unaona usingizi wako ulikofika? Nilikuwa nasema utaungua na chai tu, kumbe.

Sasa nisikilize, usikilize kwa masikio yote mawili. Usijifiche nyuma ya makreti kama panya. Akija mtu wa serikali mwambie ukweli, kwamba ulipitiwa na usingizi. Kulala siyo wizi. Halafu uende kwa Fundi, upige magoti, umwombe radhi. Yule mama ana ulimi mkali lakini moyo wake mwepesi.

Na hayo mambo ya kandambili usiyape maana yasiyokuwa nayo. Mama mdogo ndivyo alivyo, akiosha anaosha mpaka kivuli chake. Wametulea wale. Usianze kuwahesabia.

Yakiisha, njoo huku. Nimekuombea kazi kwa bosi wetu wa dobi. Nimemwambia ni kijana mwaminifu, ana aibu, hana maneno, ila usingizi. Akasema ilimradi asilale ndani ya mashine. Shemeji yako kacheka mpaka kapaliwa, anasema atakununulia saa ya mlio aifunge shingoni mwako kama kengele ya mbuzi.

Jibu upesi.

Dada yako


Alhamisi, tarehe 9

Dada,

Shikamoo. Sikulala.

Nimeliandika hilo neno kwanza maana nikizungukazunguka sitalisema.

Jenereta haikuwaka kwa sababu haikuwa na petroli. Petroli Meneja aliivuta Jumatano kwa mpira, akaitia kwenye pikipiki yake, akaenda kwa mchumba wake. Niliona. Nilikuwa nimejilaza juu ya magunia, akaniruka, mguu wake ukanigusa mkono. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Mtu gani ana wasiwasi na mimi?

Umeme ulipokatika nilimwambia petroli hakuna. Akasema, "Funga friza, acha kufunguafungua, baridi itakaa." Haikukaa. Ijumaa maji yalikuwa yanatoka chini ya friza mpaka mlangoni. Jumamosi umeme ukarudi, wakaganda tena kama si wao.

Jumapili asubuhi akaniambia nitoe pono. Unamjua pono akitoka majini, yule kijani na buluu, na mdomo kama wa kasuku, unaweza kudhani amepakwa rangi na mtoto. Hawa walikuwa na rangi ya maji ya kufulia. Jicho limeingia ndani. Nikamwonyesha Meneja. Sikusema, nilimwinua mmoja tu nikamwonyesha. Akasema, "Chuna ngozi yote, toa na kichwa. Siku hizi wateja wanataka samaki tayari kwa kikaango."

Nikachuna.

Pono hatuchuni, dada. Tunampaa magamba tu, mtu anamnunua kwa kumwona ngozi. Sasa samaki asiye na ngozi wala kichwa utamjuaje? Fundi alikuja mwenyewe, akasema, "Leo mmenirahisishia kazi, asante Pono," akacheka kwamba Pono kamkatia pono. Nami nikacheka. Nilimfungia kwenye gazeti. Nilikuwa na mdomo, nikaufunga na huo pia.

Jana alikuja bwana afya. Kaangalia friza, kaona juu samaki wapya wanang'aa, Meneja kawapanga kama maua. Wale wa zamani wako chini, chini ya tabaka la barafu. Bwana afya akauliza nani alikuwa zamu. Kabla sijavuta pumzi Meneja akasema, "Huyu hapa. Pono."

"Pono ni jina?"

Meneja akasema, "Ndilo jina. Mwite lingine uone kama atageuka."

Bwana afya akamgeukia Baba mdogo. Baba mdogo pale kitini akakohoa kwanza, akasema, "Wewe bwana umesoma, lakini huendi baharini. Pono usiku analala chini ya jiwe, usingizi mzito, hata umtie mkono hashtuki. Mzamiaji akiwa na taa anamchukua kama anachukua kiatu chake chini ya kitanda. Samaki wengine wanavuliwa. Huyu anaokotwa. Ndiyo maana mtu akilala kama mfu tunamwita pono. Na huyu mwanangu ndivyo alivyo toka utoto."

Bwana afya akacheka, akaandika. Baba mdogo hakucheka. Aliangalia miguu yangu mitupu, akageuza uso.

Basi Jumanne ijayo bwana afya anarudi kuchukua maelezo yangu, niweke kidole. Nilitaka kumwambia mimi najua kuandika. Nikaokota kisu, nikaendelea kupaa magamba.

Halafu kuna hili. Leo mchana nimejilaza, Meneja na Mama mdogo wakaingia kupanga makreti. Wanaongea juu yangu kama wanaongea juu ya gunia. Mama mdogo anauliza, "Na wale wa chini?" Meneja akamjibu, "Jumatatu wanaondoka. Shule ya bweni wanataka pono wa kuchunwa, gari lao linakuja saa tisa." Mama mdogo akapanga kreti moja, akasema, "Si wapikwe sana." Akasema hivyo tu, dada. Si wapikwe sana.

Halafu Meneja akasema, "Likitokea lolote, mwenye kulala yupo." Na akanifunika miguu na gunia, nisipate baridi.

Sasa niambie tena kwamba nililala.

Pono


Ijumaa, tarehe 10

Mwanangu mpenzi,

Salamu sana wewe na mume wako. Sisi wazima, ila Baba yako mdogo na kifua chake. Ndugu yako hajambo kabisa, anakula vizuri, anapumzika, amenawiri mpaka mashavu. Shati lake nimelitia kifungo.

Nasikia una wasiwasi. Usiwe nao mwanangu. Barabara hii unaijua, mtu akipiga chafya huku, kule wanachimba kaburi. Fundi ameshaanza kunywa uji, na binti atapona inshallah, watoto matumbo yao ndivyo yalivyo. Hili jambo ni dogo. Ndugu yako ataweka kidole chake, watamtoza faini, Meneja atailipa yeye mwenyewe, yaishe. Angekuwa mwenzake angefukuzwa. Sisi hatumfukuzi.

Meneja unajua ana uchumba wa watu wakubwa, na leseni ina jina lake. Doa likimwangukia yeye, sote tutalala njaa. Likimwangukia ndugu yako, nani atashangaa? Nguo nyeusi haionyeshi wino. Simsemi vibaya, namwita mwanangu, wewe ni shahidi.

Hizo habari za kumtafutia kazi huko, mwache kwanza. Nani mwingine atavumilia usingizi ule? Mgeni atamvumilia siku mbili. Hapa kwao.

Barua hii nimempa dereva wa barafu kwa mkono wangu. Naona ameshazoea kubeba. Nimemwambia kuanzia kesho awe anashushia barafu nje barabarani, asiingie ndani, sakafu inalowa.

Mama yako mdogo


Jumamosi, tarehe 11

Mdogo wangu,

Dereva kaniambia haruhusiwi tena kuingia. Nikamwuliza barafu anapasua nani? Akasema si ndugu yako, kazi za kuumiza mikono zote ni zake. Ndiyo maana barua hii nimeifunga kwenye mifuko miwili ya plastiki, nikaitia kwenye gunia la barafu lenye fundo jekundu, katikati ya unga wa mbao. Nimefulia watu mashuka yenye siri nyingi, siri ya kuficha kwenye barafu hii ndiyo ya kwanza. Ukiisoma iloweshe, itayeyuka yenyewe.

Mama mdogo kaniandikia. Barua nzuri, tamu, ina kila kitu isipokuwa "pole". Nimeisoma mara ya kwanza nikatabasamu. Mara ya pili, mahali aliposema nani atashangaa, nikasahau pasi juu ya foronya ya mgeni, ikaungua.

Nisamehe mimi nilivyokujibu. Wenzangu wote wangekosea nisingeshangaa. Lakini mimi! Mimi ndiye niliyekupa hilo jina, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua kwamba hulali.

Unakumbuka tulivyofika pale, baada ya mazishi ya baba na mama? Ulikuwa mdogo, kreti tupu linakuzidi urefu. Mama mdogo alikuwa anatuamsha kabla ya alfajiri kuosha makreti kwa maji ya baridi yenye chumvi, vidole vyako vikapasuka. Asubuhi moja akaja kukuvuta shuka. Nikamwambia, "Huyo huwezi kumwamsha, Mama mdogo, huyo ni pono kabisa." Akakutikisa. Nami nilikuwa nimekubana kidole cha mguu chini ya shuka, nikakubana mara moja, tulivyokuwa tunafanya msibani, kukwambia tulia. Ukatulia. Akakuinua mkono, akauachia, ukaanguka kama wa maiti. Akacheka, akaita watu waje waone. Nikaosha makreti yako na yangu. Kesho yake hivyo hivyo. Jina likaenea, kila mtu akafurahi, nami nikafurahi kuliko wote.

Nilimpata wapi pono? Kwa yule mzamiaji aliyekuwa anatuletea samaki, yule mwenye sikio moja linalotoa maji. Ndiye aliyeniambia kwamba watu wanasema nusu tu. Wanasema pono analala fofofo, basi. Lakini yeye alikuwa anawaona kwa taa yake huko chini. Pono kabla ya kulala anatoa ute mdomoni, anajifunika wote, utando mwembamba kama chandarua. Anajifungia humo. Mkunga, yule samaki kama nyoka, anapita, ananusa, hapati harufu, anakwenda zake. Kwa hiyo ule usingizi una akili. Na macho yake, akaniambia, hayafumbi. Samaki hana kope. Yuko mle ndani ya chandarua anakuangalia.

Nikasema hilo ndilo jina la mdogo wangu.

Nilitaka likukinge, na lilikukinga. Lakini yule mzee aliniambia na mwisho wake, mimi ndiye sikutaka kuusikia. Chandarua kile kinamzuia mkunga anayenusa. Mtu hanusi. Mtu ana taa na mkono. Anakiona kile kiutando kinametameta, anajua humo ndani pana samaki. Kinachomficha pono ndicho kinachomwonyesha.

Niliolewa, nikaondoka, nikakuacha ndani yake. Miaka hiyo yote nilikuwa nasimulia watu vichekesho vya usingizi wako. Vilivyozoeleka hivyo vichekesho, nami nikaviamini. Ndiyo maana nilikuuliza kama hukulala.

Sasa Jumatatu. Mimi sitawahi, nimeomba ruhusa kwa bosi kaninyima, na hata nikitoka bila ruhusa, gari la barafu halibebi abiria, kesho Jumapili hakuna gari la huko, na la kwanza la Jumatatu linafika jioni. Nimepiga simu dukani mara tatu. "Amelala." Nimepiga kwa ofisi ya bwana afya, inaita tu. Shuleni sijui hata jina lao. Hakuna mwingine, mdogo wangu. Ni wewe.

Najua kiti cha Baba mdogo kiko wapi. Najua huwezi kumpita. Yeye ndiye aliyetubeba mgongoni siku ile ya mazishi, zamu kwa zamu, mimi mpaka kona, wewe mpaka nyumbani. Sina dawa ya hilo. Nakwambia tu kwamba watoto wa bweni hawana mtu wa kuwachungulia samaki wao.

Nakubana kidole cha mguu. Mara mbili.

Dada yako


Jumatatu, tarehe 13, mchana

Dada,

Shikamoo. Naandika mbiombio, penseli ni ya Meneja ya kuandikia makreti, kichwa chake butu.

Gunia la fundo jekundu nilipasua Jumamosi jioni. Niliposoma nikakaa chini juu ya barafu mpaka suruali ikalowa, Mama mdogo akapita akasema, "Mtoto huyu analala hata kwenye barafu!" Nikamwacha aamini.

Mara mbili maana yake inuka. Nilikuwa nimesahau kwamba mara mbili ipo.

Jana sikuinuka, sitakudanganya. Nilifika kwenye pazia la dukani, Baba mdogo akageuza shingo, "Unataka nini mwanangu?" Nikasema maji. Akanipa maji. Nikayanywa, nikarudi. Yalikuwa ya kikombe chake mwenyewe.

Leo asubuhi Meneja kanitolea wale wa chini nichune. Makreti mawili. Akasimama juu yangu kidogo, akachoka, akaenda kupokea simu ya mchumba wake. Nimechuna wote, dada, isipokuwa mmoja. Huyo nimemtia kwenye mfuko na ngozi yake, kichwa chake na jicho lake lililozama. Nimeona mimi kusema sijui, basi yeye anisemee. Yuko hapa chini ya bega langu, ameniganda ubavuni kwenye lile tundu la vesti.

Saa saba wakala. Mimi nikajilaza juu ya magunia kama kawaida, mfuko nimeulalia. Meneja kaenda chumbani kwake, nasikia anakoroma. Mama mdogo kajitupa kwenye mkeka, khanga usoni. Ukiwaona utasema nani pono hapa.

Baba mdogo alikuja. Nilimjua kwa kikohozi. Akavuta kreti, akakaa karibu na kichwa changu, nikasikia harufu ya ile dawa yake ya kifua. Halafu akaanza kuongea taratibu, vile mtu anavyoongea na mtoto mchanga asiyejua maneno.

Akasema, "Mwanangu, wewe umelala, hunisikii, na ni vizuri. Mimi yule nimemzaa. Siwezi kumshika mkono nimpeleke. Nimejaribu kulifikiria usiku na mchana, mguu hauendi. Lakini nawaona watoto wa shule wanapita hapa na zile soksi zao. Nawaona." Akakohoa. Akasema, "Ningekuwa na miguu ya mtu mwingine."

Basi. Akainuka, magoti yakalia. Nikasikia kitu kinawekwa sakafuni, taratibu, kimoja, halafu cha pili.

Nilipofungua jicho nikaziona kandambili zangu. Kavu kabisa. Na shati, lina kifungo kipya. Na kandambili, dada, hakuziweka vile mtu anavyoziweka akivua. Kaziweka visigino kwangu, vidole mlangoni.

Hivi sasa ninapoandika ameshafika kitini kwake. Namwona kupitia pazia. Kaegemeza kichwa ukutani, miguu kainyoosha juu ya kizingiti, macho kafumba. Kama nitatoka itabidi nimruke miguu, jambo ambalo maishani mwangu sijalifanya kwa mtu mzima. Mwanzo nililia kwa hilo. Nikasema atakuwa amenifungulia kwa mkono na kunifungia kwa mguu.

Lakini nimemwangalia vizuri. Mimi kazi hii nimeifanya tangu nikiwa mfupi kuliko kreti. Mtu aliyelala pumzi yake inakwenda ovyo, inasimama, inajikwaa, inakimbia. Yake inakwenda sawasawa mno. Kope zinacheza. Mkono wake unaoning'inia, ule ambao mtu aliyelala anauachia, yeye kaukunja kidole gumba ndani. Baba mdogo halali, dada. Anajifanya. Na hajui kujifanya, masikini, hakuna aliyemfundisha. Ningemwambia legeza mkono.

Yaani kanipa chandarua chake nipite chini yake. Akiulizwa, atasema hakuniona, alilala. Watamcheka, watamwita pono, naye atakubali. Sijui kama nitaweza kumtazama tena machoni. Sijui kama nitarudi kulala hapa, maana Mama mdogo akiamka, hii siyo nyumba yangu tena. Kazi ile ya dobi, mwambie bosi wako silali. Asiponiamini, basi.

Ninachokwenda kumwambia bwana afya ofisini kwake nimekifanyia mazoezi, ni kifupi. Samaki wa shule ni wale wale. Sikulala. Halafu nitafungua mfuko. Halafu nitamwambia na sehemu yangu, kwamba nilichuna na nilicheka, na hiyo aiandike pia. Na nikitoka hapo nitapita hospitali kumwona binti wa Fundi. Huko sijui nitasema nini, labda nitasimama tu mlangoni mama yake aniseme mpaka achoke.

Barua hii nampa dereva nikimkuta barabarani. Nisipomkuta, utaisoma nikiwa nimekaa mbele yako.

Dada, lazima nitoke sasa hivi. Gari la shule linafika saa tisa, na Baba mdogo amebana kikohozi, uso umeanza kumwiva, hawezi kukizuia zaidi ya hapa.

Mdogo wako